Mwaka Nilipong'arisha Injini ya Mama Rehema

Mwezi uliopita nilikwenda kumzika Mama Rehema, kwenye kijiji kilicho ndani kidogo kutoka Issuna, na pale msibani ndipo nilipojua kwamba vitabu vyangu vinne havijanifikisha popote. Nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, nimejitanda kanga vizuri, na nakiri kwamba kwa pembe ya jicho nilikuwa nasubiri mtu aseme, huyo ndiye mwandishi, yule anayesomwa. Binti mmoja wa Rehema, mjukuu wa marehemu, muuguzi, mtu mzima mwenye watoto wake, aliniangalia kwa muda, kisha akamwinamia mama yake na kumuuliza kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, "Huyu ndiye aliyeosha injini?" Rehema akajibu kwa kichwa kwamba ndiye. Wanawake sita wakageuka. Mmoja akacheka, akajiziba mdomo kwa heshima ya marehemu, akashindwa, na mkeka mzima ukatikisika. Nami nikacheka, maana ningefanyaje? Miaka ishirini na zaidi ya kalamu, na huko Issuna mimi ni mtu aliyefanya kosa moja kwa kitambaa na mafuta ya taa. Nimeona afadhali nilieleze mwenyewe kabla halijasimuliwa vibaya kuliko lilivyokuwa. Habari za ukoo wangu nitaziruka, kwa sababu hazikuchangia kitu. Nyumbani kwetu Iramba hatukuwa na chombo chenye magurudumu zaidi ya mawili.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya kidato cha sita na mafunzo ya kujenga taifa. Siku hizo hukuingia chuo kikuu moja kwa moja. Ilikupasa kwanza ufanye kazi kati ya watu, na chama cha mahali pale kikuandikie barua kwamba tabia yako ni njema. Mimi nilipelekwa kufundisha hesabu na sayansi katika kijiji cha ujamaa ambacho nyumba zake zilipangwa kwa mistari miwili iliyonyooka kama madaftari ya mkaguzi. Watu walikuwa wamehamia karibuni, na bado walizungumzia mashamba yao ya zamani kama ndugu waliowaacha njiani. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, wazee walinipa kiti wakiniita Mwalimu, na kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri nilifanywa karani wa mikutano ya kijiji ndani ya wiki ya pili. Nikajiona mtu mkubwa. Nikikutana leo na yule msichana, nadhani ningemwomba apunguze sauti.

Nilipangiwa chumba kwa Mama Rehema, mjane wa umri wa miaka arobaini na kitu, ambaye mwanawe wa pekee, Rehema, alikuwa shule ya bweni. Chumba changu kilitenganishwa na sebule kwa ukuta wa udongo usiofika darini, kwa hiyo nilisikia kila kilichosemwa ndani ya nyumba ile, pamoja na kuku wakijadiliana. Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, na siku za neema maziwa ya mgando. Sebuleni, juu ya mtungi wa maji, palikuwa na msumari, na kwenye msumari ule ulining'inia mkanda mweusi wa mpira wenye meno upande wa ndani, umefungwa kwenye karatasi ya nailoni kama kitu cha harusi. Siku ya kwanza nilidhani ni dawa ya kienyeji. Niliogopa kuuliza.

Ulikuwa mkanda wa taimingi. Nje, kwenye banda la nyasi, lilikaa gari dogo la Kiitaliano, la milango minne, rangi yake kama maziwa tuliyokunywa. Marehemu mume wake, Mzee Salum, alikuwa dereva wa wapimaji wa barabara. Bosi wake alipoondoka nchini alimuuzia lile gari, na Mzee Salum akamfundisha mkewe kuliendesha, jambo ambalo wanaume wa pale walilitaja kama watu wanavyotaja ukame. Leseni yake Mama Rehema aliitunza ndani ya kopo la majani ya chai. Miaka miwili kabla sijafika, Mzee Salum alifungua kifuniko cha mbele cha injini akaona mkanda umeanza kupasuka. Mkanda huu si kama ule wa feni, ambao ukikatika unafunga soksi na kusonga mbele. Huu ndio unaoifanya sehemu ya juu ya injini iende sawa na ya chini: valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake, pistoni zipande na kushuka kwa wakati wake. Ukikatika au ukiruka meno machache, pistoni inapanda inaikuta valvu bado iko njiani, zinagongana, na gari limekwisha. Akasema lisiwashwe tena. Akaagiza mkanda mpya kwa rafiki yake wa reli, akaenda kuupokea Kintinku kwenye treni, akarudi nao, akaugua kabla hajaufunga. Alipokufa, mjane wake akautundika msumarini, na hapakuwa na mwingine kama ule popote tulipopajua.

Mwezi wa tano mashine ya kusaga ya kijiji ilikufa injini. Wanawake wakarudi kwenye mawe ya kusagia, na anayedhani hiyo ni picha nzuri ya utamaduni hajawahi kusaga uwele wa watu tisa. Ukaitwa mkutano wa halmashauri. Mwenyekiti, Bwana Hango, alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kwaya, na hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu mambo yaamuliwe akiwa amesimama. "Ndugu zangu," alisema, "gari lisilotembea si gari. Ni chuma. Na chuma hicho kina injini, na injini hiyo imelala wakati mama zetu wanaumia migongo." Mama Ntandu, ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka Ikungi, akadakia, "Migongo tu? Njoo uone mikono!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Rehema, aliyekaa nyuma, aliomba nafasi akasema gari lake si chuma, linahitaji mkanda tu, na mkanda anao. "Basi ufunge," akasema Mwenyekiti. Ikaamuliwa hivi: siku ya mkutano mkuu, wiki tatu mbele, gari likifika mbele ya ofisi ya kijiji kwa nguvu zake lenyewe, litabaki la mwenyewe. Lisipofika, injini itafunguliwa na kufungwa kwenye mashine ya kusaga. Nikaandika yote kwa mwandiko wangu mzuri. Nilipokuwa nakunja daftari, Mwenyekiti aliniinamia. "Mwalimu, barua yako ya chuo ninayo kichwani," akasema. "Sijaiandika, lakini ninayo."

Jioni ile nilikaa mbele ya ugali wa mtu ambaye nimetoka kumwandikia hukumu. Mama Rehema alimega tonge, akalichovya, akaniangalia.

"Umeandika vizuri?"

"Nimeandika, mama."

"Injini umeiandika kwa herufi kubwa au ndogo?"

"Ndogo."

"Afadhali," akasema. "Kula."

Jumapili yake asubuhi alikuja shemeji yake, Iddi, mdogo wa marehemu. Walizungumza Kinyaturu, nami mtu wa Iramba nilishika nusu tu, lakini walipoanza kukasirikiana walihamia Kiswahili, kama watu wafanyavyo wakitaka maneno yasimame wima. Nilikuwa nyuma ya ukuta nasahihisha daftari za hesabu, na tangu hapo sikusahihisha hata moja. "Shemeji, litoe kwa heri," Iddi alisema. "Watakushukuru." Mama Rehema akajibu, "Watanishukuru wiki moja." "Mwanamke gari la nini?" "La kuendesha." Nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ya mtu anayeeleza jambo kwa mara ya mwisho. "Iddi, ng'ombe wa Salum mligawana. Shamba limekuwa la wote, sawa, nalima na wote. Kimebaki kitu kimoja ambacho mimi nakiweza na wewe hukiwezi. Nikikitoa hicho, nitakuwa mjane wa kukumbukwa wakati wa kugawa nyama. Sitaki." Iddi akaondoka bila kuaga. Nimesoma tangu wakati ule maandishi mengi kuhusu haki za wanawake, na mengine nimeyaandika mimi, na sijaona mahali paliposemwa vizuri zaidi. Mama Rehema akaja mlangoni kwangu, akasimama, akijua vizuri kabisa nilichokuwa nafanya. "Mwalimu," akasema, "wewe umesoma. Unajua kusoma picha?"

Alikuwa na kitabu cha gari lile, cha Kiitaliano. Mimi Kiitaliano sikukijua hata salamu, lakini nilikuwa na alama nzuri za fizikia na kiburi cha kutosha lugha tatu, nikakishika kama mtu anayekisoma. Tulianza alasiri ile ile na tukaendelea kila siku baada ya vipindi. Mama Rehema alikuwa na spana za mumewe, na mikono inayojua kukaza bila kuvunja. Tulitoa betri, feni, na plagi zote nne ili injini izunguke kwa urahisi. Tukaizungusha kwa spana kubwa mpaka ikakaa kama kwenye picha, pistoni ya kwanza juu kabisa. Kitabu kilionyesha alama za kiwandani kwenye gia, ila gia zetu zote mbili ziliwahi kubadilishwa na hazikuwa na alama yoyote. Kwa hiyo Mama Rehema akatoa akili ya mafundi wote wa barabarani: alichukua chaki yangu ya shule akaweka mistari yake mwenyewe, mmoja gia ya juu na mwingine kwenye bodi ya injini ukiuangalia, na vivyo hivyo chini. Hapo tu ndipo alipolegeza kikaza mkanda na kuutoa ule wa zamani, uliokuwa umepasuka kama kisigino. "Sasa," akasema, "hata tukilala mwaka, chaki itatukumbusha."

Kesho yake akapata habari ya msiba Ikungi, ikabidi aende siku mbili. Aliniachia nyumba na maneno haya tu: "Angalia kuku wasiingie kwenye injini." Kuku sikuwaruhusu. Tatizo ni kwamba nililelewa na bibi aliyeamini kwamba chombo cha mwenzio kikifunguliwa mbele yako hakifungwi kichafu, na baada ya bibi nikapita kambini, ambako tulisugua matako ya masufuria mpaka afande aone meno yake. Halafu nikawa mwalimu, ninayekagua kucha za watoto kila Ijumaa. Mtu aliyepitia mikono hiyo mitatu huwezi kumwacha peke yake na injini yenye grisi ya miaka saba. Nilitafuta mafuta ya taa, majivu, na kipande cha gunia. Nilisugua kifuniko, nikasugua bodi, nikasugua gia moja baada ya nyingine, nikizigeuza kidogo kidogo ili nifike upande wa chini. Zilipokataa kugeuka niliacha, na uvivu huo ndio uliookoa valvu. Jua lilipokuwa linashuka, injini ile iling'aa kama meza ya altare. Nilirudi nyuma hatua tatu kuitazama, nikafurahi sana.

Mama Rehema alirudi mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Nilimwamkia, nikampa maji, nikampeleka bandani kwa haraka ya mtoto mwenye cheti. Akatazama. Akazunguka upande wa pili, akatazama tena.

"Mwalimu, chaki iko wapi?"

Ninyi mnaosoma mlishajua tangu mwanzo. Mimi, mwenye daraja la kwanza la fizikia, nilijua dakika ile: mistari imefutika, na gia haziko tena pale Mzee Salum alipoziacha. Nikaanza kulia. Yeye hakunifokea, na ingekuwa nafuu kama angefokea. Alikaa kwenye tairi la akiba, akasema, "Umenisafishia mpaka mume." Zilikuwa zimebaki siku nane.

Siku mbili hatukugusa kitu. Mama Ntandu alipita kuazima ungo, akachungulia bandani, akasema, "Eh, mmelipamba! Mnaliozesha?" Kijiji kizima kikajua kabla ya swala ya magharibi. Bwana Hango aliniuliza shuleni, kwa upole, kama tunahitaji watu wa kusaidia kuitoa injini mapema. Siku ya tatu nilikuwa darasani nikieleza watoto jinsi ya kupata katikati ya mlima ambao kilele chake ni bapa. Huwezi kukiona kilele, niliwaambia, kwa sababu pale juu ardhi haipandi wala haishuki. Lakini chagua kimo kimoja, weka alama upande wa kupanda na upande wa kushuka, kisha gawanya njia katikati. Nikasimama na chaki mkononi. Nikawaambia waandike walichokielewa, wote arobaini na mmoja, kimya kimya, nikakimbia nyumbani bila viatu vya heshima.

"Mama," nilisema, "pistoni ni mlima."

"Kaa kwanza," akasema. "Unahema."

Nikamweleza. Ukitumbukiza bua jembamba la uwele kwenye tundu la plagi, litakaa juu ya pistoni, likipanda inapopanda. Pale juu kabisa bua linaonekana limesimama, huwezi kujua ni wapi hasa, ila tukipata kimo kilicho sawa kabla na baada, tunahesabu meno ya gia kati ya hapo na hapo na kurudi nusu yake. Mama Rehema akafikiri. "Hiyo ni ya chini," akasema. "Na ya juu?" Ya juu sikuwa nayo. Yeye ndiye aliyekuwa nayo, bila kujua. Tulifungua kifuniko cha valvu, tukaona mhimili wenye vinundu vinavyosukuma valvu, na akakumbuka Mzee Salum alivyomwonyesha zamani: pistoni ya kwanza ikiwa juu tayari kwa moto, vinundu viwili vya mbele vinasimama pamoja, kama masikio ya punda aliyesikia kitu. "Alikuwa anacheka akisema hivyo," akasema. "Masikio ya punda. Nilidhani ananitania tu."

Tulifanya hivi, na nayaandika kwa mpangilio kwa sababu ninajivunia. Kwanza tuliweka mabua manne kwenye matundu manne, tukazungusha chini mpaka yote yakawa kimo kimoja, maana hapo pistoni zote ziko katikati ya safari na valvu hazina wa kugongana naye. Kisha tukageuza gia ya juu mpaka masikio ya punda yakasimama sawasawa, Mama Rehema akiyapima kwa kidole gumba huku na huku. Ndipo tukarudi chini, kwenye bua la kwanza. Tulilitia mkato kwa wembe, tukapata kimo cha kupanda, tukapata kimo cha kushuka, tukahesabu: meno sita. Tukarudi matatu. Tulipofungua kifuniko cha distributa, ile inayogawa moto kwa plagi, kidole chake cha ndani kilikuwa kinautazama waya wa plagi ya kwanza, kama shahidi aliyekuja bila kuitwa. Mama Rehema alikwenda ndani, akanawa mikono, akautoa mkanda msumarini. Aliuvalisha meno kwa meno. Akaukaza mpaka ukawa unasokoteka robo mzunguko tu kwa vidole viwili, kama mkono uliochorwa kitabuni. Tukazungusha injini kwa spana mizunguko miwili kamili, polepole, tukisikiliza. Haikugonga mahali. Masikio yalirudi palepale. "Weka chaki," akaniambia, "halafu nenda ukakae mbali na gunia lako."

Siku ya mkutano mkuu petroli tulikuwa nayo, galoni moja ya kuombwa misheni, lakini betri ilikuwa imekufa siku nyingi. Ilibidi kusukuma. Na wasukumaji walikuwa wapi? Wanaume walishakusanyika ofisini. Waliokuwa wanapita ni wanawake, wale wale ambao gari lisipowaka injini yake ingewasagia unga, Mama Ntandu akiwa mbele. Mama Rehema alikuwa ameshakaa kwenye usukani, ushungi umefungwa, leseni iko kifuani. Alitoa kichwa dirishani. "Jamani, nisukumeni." Wakasimama. Huku kwetu mtu akiomba kusukumwa husukumwa kwanza na kuulizwa baadaye, lakini nilimwona Mama Ntandu akipima jambo lile, mikono kiunoni. "Nikisukuma likawaka," akasema, "mimi nasagia wapi?"

"Likiwaka, Issuna kuna mashine inayosaga," Mama Rehema akajibu. "Gunia lako litakuwa la kwanza. Lisipowaka, chukueni injini, sitasema neno."

"La kwanza?"

"La kwanza kabisa."

Mama Ntandu akatemea viganja. Wanawake kumi na nne, na mimi wa kumi na tano, tuliligandamiza lile gari kwenye mteremko wa kuelekea shuleni. Mama Rehema akaachia klachi. Gari likaguna, likakohoa moshi mweusi, likasimama kana kwamba limekumbuka kifo cha mwenyewe. Mtu akasema "Basi tena." Tukasukuma mara ya pili. Likaguna, likashika, likawaka, na mlio wake ukanyooka kama uzi. Wanawake walikimbia nyuma yake wakipiga vigelegele, wakisahau kwamba wanashangilia kushindwa kwao wenyewe, au labda hawakusahau.

Mbele ya ofisi Mwenyekiti alisimama. Alisubiri Mama Rehema azime injini ili yeye aanze kuongea. Hakuzima. "Mwenyekiti," akasema Mama Rehema kutoka dirishani, "nikizima mtanisukuma tena, na kina mama wamechoka. Ongea kwa sauti." Kwa mara ya kwanza sauti ile ya kwaya ilipata mshindani. Bwana Hango alilizunguka gari zima, akainama kutazama chini kama kuna watu wanalibeba, akainuka. Alikuwa mtu wa haki, hilo namhesabia mpaka leo. "Karani," akaniita, "andika. Gari limefika kwa nguvu zake lenyewe. Ni la mwenyewe." Nikaandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya boneti linalotetemeka, na ukurasa ule ndio mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika maishani kwa mwandiko.

Magunia yakaanza kuja. Mwenyekiti, aliyejua kusoma upepo, akasema safari ya kwanza haifai kwenda bila kiongozi, akafungua mlango wa mbele. Mama Rehema akaweka mkono juu ya kiti.

"Hapo anakaa mwalimu," akasema. "Anasikiliza mkanda."

Nilifikiria barua yangu iliyokuwa kichwani mwa mtu yule, nikafikiria kusema hapana, nitatembea. Bwana Hango alinitazama kuanzia usoni mpaka kwenye mikono yangu myeusi kwa grisi. Kisha akaufunga mlango wa mbele taratibu, akaufungua wa nyuma, akajipenyeza kati ya gunia la Mama Ntandu na la mkewe mwenyewe. Nikaingia mbele. Mama Rehema akatia gia. Njia nzima mpaka Issuna nilikaa nimeinamisha sikio, sikumjibu mtu, nikisikiliza mlio ule mmoja, sawa, sawa, sawa, jino baada ya jino.